Kitanda cha Nodar

Polisi wa mtaa alibisha hodi saa moja kasorobo asubuhi, siku ambayo Veerle Vandecasteele hakuwa na zamu. Alikuwa Bwana Steyaert, mtu mnene na mpole, mabega yamelowa mvua. Kabla hajasema lolote alifuta viatu kwenye mkeka mara mbili, kama mgeni aliyelelewa vizuri. Kisha akasema amekuja kuhusu yale maombi.

Veerle aliyajua. Wiki tano nyuma yeye na Nodar walikwenda manispaa kutangaza kwamba wanataka kuishi pamoja kisheria. Yeye alizaliwa katika mji huu huu wetu, ana miaka arobaini na sita, na kazi yake ni kufua nguo katika nyumba ya wazee iliyo nyuma ya kanisa. Nodar Chubinidze ni fundi wa vigae kutoka Zestaponi, kule Georgia. Kwa miaka miwili walikuwa wakionana kwa vipande vipande: siku tisini ambazo Nodar aliruhusiwa kukaa, kisha likizo ambazo Veerle alikwenda kwao. Walichoka kuagana viwanja vya ndege. Karani alipokea karatasi zao zote, hati za mshahara, mkataba wa nyumba, picha walizopigwa pamoja, akawaambia kwamba siku hizi wako watu wanaojifanya wapenzi ili mmoja wao apate kibali cha ukaazi, kwa hiyo hataweza kuwaandikisha mpaka uchunguzi ufanyike. Siku tisini za Nodar ziliisha wakiwa wanangoja. Hawakumfukuza, lakini kazi hakuruhusiwa kufanya.

Sasa Bwana Steyaert alikuwa amesimama bafuni kwao akitazama glasi yenye miswaki mitatu. Aliuliza upi wa nani. Aliuliza nyembe za nani. Akafungua kabati chumbani kwa Veerle, akaona mashati ya Nodar yametundikwa karibu na magauni, akatikisa kichwa kukubali. Lakini kitanda kilikuwa kikubwa, cha watu wawili, na upande mmoja wake ulikuwa umejaa taulo zilizokunjwa. Ilionekana wazi kwamba upande ule haukulaliwa.

"Bwana Nodar yuko wapi?" aliuliza.

Veerle akamfungulia mlango wa chumba cha nyuma. Mle ndani baba yake, mzee Odiel, alikuwa ameketi kwenye kitanda chake chenye vizuizi vya mbao. Nodar alikuwa amepiga magoti mbele yake akimvisha soksi. Pembeni, karibu kabisa na kile cha mzee, palikuwa na kitanda chembamba cha chuma. Bwana Steyaert aliinama, akaweka kiganja juu ya shuka. Shuka ilikuwa bado na joto.

Akamsalimu mzee, maana wote wanamfahamu, alikuwa mfuga njiwa wa mashindano mashuhuri mtaani. Akamuuliza kama anamjua huyu mtu anayemvisha soksi.

Odiel alikitazama kile kichwa kilichoinama miguuni pake. "Huyu ni kibarua wetu," alisema. "Mtu mzuri sana. Tena hatumlipi hata senti."

Veerle alianza kueleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo maneno yalivyozidi kujikanyaga. Baba yake ana ugonjwa wa kusahau. Kila usiku saa tisa anaamka kwenda zamu kwenye kiwanda cha kufuma nguo kilichofungwa miaka thelathini iliyopita, na ngazi za nyumba yao ni kali. Yeye mwenyewe huanza kazi saa kumi na mbili asubuhi. Tena mzee anamwonea haya bintiye akimpeleka chooni, lakini kwa Nodar hana haya. Ndiyo maana Nodar analala huku. Ni mume wake kabisa, ila analala huku.

"Nakuelewa, Veerle," polisi alisema, na sauti yake ilionyesha kwamba kweli anaelewa. "Ila mimi naandika nilichokiona."

Aliandika akiwa amesimama, daftari limeegemea ukuta. Alipoondoka Nodar alimaliza kumvisha mzee soksi ya pili.


Mwezi wa kumi na moja waliitwa manispaa kuhojiwa, kila mmoja chumba chake, kwa wakati uleule, ili wasipate nafasi ya kuambizana.

Veerle alihojiwa na Bi. Lobelle, mwanamke wa umri wake, ambaye mama yake alifariki katika ile nyumba ya wazee na Veerle ndiye aliyezifua nguo zake za mwisho. Hakuna aliyelitaja jambo hilo. Alimuuliza jina la mama yake Nodar, rangi ya mapazia ya sebuleni, chakula walichokula jana, nani alimtamkia mwenzake kwanza. Veerle alijibu yote. Jana walikula viazi na soseji. Nodar ndiye aliyetamka kwanza, jikoni kwa shangazi yake, mikono yote miwili imejaa unga.

Kisha Bi. Lobelle akasogeza karatasi ya polisi karibu, akaisoma kimya, akakohoa.

"Hapa imeandikwa kwamba analala chumba cha mgonjwa," alisema. "Bi. Vandecasteele, unaelewa ninachokuuliza. Mnalala pamoja?"

"Ndiyo."

"Lini?"

Veerle aliangalia dirishani. Uwanjani walikuwa wanafunga taa za Krismasi, na mtu mmoja juu ya ngazi alikuwa akipigana na waya. "Jumapili," alisema. "Mchana. Baba akisinzia baada ya kula."

"Kila Jumapili?"

"Kila Jumapili."

Bi. Lobelle aliandika. Vidole vyake vilikuwa vyepesi juu ya kompyuta, na Veerle aliweza kusikia, kwa urefu wa mlio ule, kwamba jibu lake limeandikwa zima zima.

Chumba cha pili Nodar aliwekewa simu mezani, na ndani ya simu mlikuwa na mkalimani. Majibu yake kuhusu mapazia na soseji yalikuwa sawasawa. Walipofika kwenye swali lile, mkalimani alilitafsiri kwa sauti ya mwanamke mtu mzima, mwenye lafudhi ya kwao Imereti, sauti inayofanana na ya shangazi yake. Nodar akaisogeza simu mbali kidogo. Swali likarudiwa. Akasema hilo si la kuzungumza. Wakaandika: hakujibu.

Walikutana kwenye benchi la nje. Nodar alimweleza, kwa Kiflemi chake cha kuungaunga, lugha ya huku kwetu, jinsi alivyoulizwa. "Nitasemaje mbele ya mama wa watu? Angenionaje?"

"Ungesema tu Jumapili."

"Wewe umesema?"

"Nimesema kila Jumapili."

Nodar alijifunika uso kwa mikono. Mabega yakaanza kumtikisika, na Veerle alichukua muda kugundua kwamba anacheka. Naye akaanza kucheka. Walicheka pale kwenye benchi mpaka mlinzi wa mlangoni akachungulia, na kwa muda huo mdogo mambo yalionekana kama yatakwenda.


Barua ilikuja baada ya wiki. Ilisema majibu yao yanatofautiana katika jambo la msingi, na hali ya malazi iliyoonekana nyumbani inatia shaka kwamba mgeni amekuja kuwa mlezi na si mwenza. Makazi yangekaguliwa tena, bila taarifa, kabla ya katikati ya Januari. Baada ya hapo mwendesha mashtaka atatoa maoni yake. Maoni yakiwa mabaya, usajili utakataliwa na Nodar ataamriwa kuondoka nchini.

Waliisoma mara tatu, mara ya pili Nodar akiwa na kamusi.

Basi wakakihamisha kitanda chake. Yaani Nodar alihamia kwa Veerle, na kile cha chuma wakakikunja kukisimamisha nyuma ya mlango. Walifikiria hata kulala wote watatu chumba kimoja, lakini kitanda kikubwa hakikuingia kule nyuma, na Veerle hakuweza kujiona akimweleza Bwana Steyaert mpango wa namna hiyo. Veerle aliulizia mlezi wa usiku wa kuajiri. Orodha ya wanaongoja ilikuwa ya miezi minane. Nodar alitundika kengele ndogo kwenye mlango wa mzee, ili ukifunguliwa tu wasikie.

Usiku wa kwanza kengele ililia mara mbili, wa pili mara nne. Nodar aliamka kila mara, akamrudisha mzee, akambembeleza. Usiku wa nne haikulia, au ililia na hawakuisikia, kwa sababu walikuwa wamelala kweli, wamelala pamoja mpaka asubuhi kama watu wengine, jambo ambalo halijawahi kuwatokea tangu Nodar aingie nyumba ile. Mke wa mwoka mikate ndiye aliyemkuta Odiel, saa kumi na nusu alfajiri, barabara ya mfereji, amevaa pajama, mkononi kashika kikapu kitupu cha njiwa. Miguu ilikuwa imebadilika rangi kwa baridi. Alimwambia mama yule kwamba amechelewa na wenzake wameshaondoka na lori la njiwa.

Alikaa hospitali siku mbili. Aliporudi, kitanda cha chuma kilikuwa kimeshakunjuliwa mahali pake pa zamani. Nodar alikirudisha mwenyewe bila kumuuliza mtu.


Jumapili iliyofuata Machteld, dada yake Veerle, alikuja kutoka Ghent na keki ya dukani. Machteld ni mkubwa kwa miaka mitano, anafundisha, na huja mara moja kwa mwezi. Alimbusu baba yake kipajini, akamwangalia miguu iliyofungwa bandeji, akavua koti. Walipofika kwenye kahawa alianza kuzungumza kwa lahaja ya mtaani kwao, harakaharaka, jinsi wanavyozungumza wakiwa hawataki mgeni aambulie kitu.

Alisema mambo mengi, mengine ya haki. Kwamba Veerle si nesi. Kwamba safari hii ilikuwa miguu, safari ijayo itakuwa mfereji wenyewe. Kwamba kuna nyumba ya wazee na Veerle anafanya kazi humohumo, sasa anangoja nini.

"Na huyu bwana wako," alisema, akikata keki, "akishapata kadi yake atakwenda zake. Utabaki wewe na mzee, na mimi nitasikia kwenye simu. Usinitazame hivyo. Wewe unadhani mwanamume wa miaka arobaini anasafiri kilomita elfu nne kuja kumwosha baba yako?"

Nodar alikuwa akikusanya sahani. Alikuwa ameishi nyumba ile miezi mitano, na lahaja ile ndiyo aliyozungumza naye mzee kutwa nzima. Huenda aliielewa kuliko Kiflemi cha darasani. Aliweka sahani kwenye sinki, akarudi na birika.

"Nikuongeze kahawa, Machteld?" aliuliza, kwa lahaja hiyohiyo.

Machteld alisogeza kikombe. Alikuwa mwekundu mpaka shingoni, lakini hakuomba radhi, na keki ililiwa.

Jumatatu Veerle alipofika kazini alikuta kwenye mkokoteni mfuko wa nguo wenye alama nyeusi, ile inayowekwa mtu akishafariki. Alikuwa bibi wa chumba namba kumi na tisa. Alizifua shuka zake, na kabla hazijakauka mkuu wa nyumba alimwita ofisini. Alimwambia kwamba chumba kimepatikana, na kwa kuwa yeye ni mfanyakazi anampa baba yake nafasi ya kwanza. Lakini ajibu kufikia Jumatano. Ikipita Jumatano, chumba kitakwenda kwa mwingine, na kingine hakijulikani kitapatikana lini.

Jioni ile alimwambia Nodar. Mwenzake alikuwa anamenya viazi, na hakuacha kumenya.

"Hapana," alisema.

Veerle alimweleza taratibu. Polisi atakuja tena, leo au kesho au wiki ijayo. Akikuta vitanda viwili kule nyuma, basi. Wakimwacha mzee peke yake usiku, atakufa. Hakuna njia ya tatu.

"Ipo. Mimi narudi kwetu. Unamwandikia polisi, Nodar amerudi. Baba anabaki kwake."

"Na mimi?"

"Wewe ni mtoto wake."

"Nimekuuliza mimi, Nodar."

Aliweka kisu chini. Alitafuta maneno, na ilionekana anayatafuta kwa Kigeorgia kwanza, ndipo ayavushe. Alisema bibi yake alilala miaka tisa kwenye chumba walichokuwa wakila, na mama yake alimgeuza kila baada ya saa mbili. Alisema mzee anamwamini. Mzee hajui hata jina lake, lakini akimshika mkono anatulia, na mtu aliyekuamini namna hiyo humtoi nje ya nyumba yake ili wewe upate karatasi. "Nitaona aibu kuishi," alisema. "Kila nikiitoa hiyo kadi mfukoni nitaona aibu."

Veerle alikwenda kumwangalia baba yake. Alijikuta amesimama kwenye korido, gizani, hana la kufanya mle ndani. Alikuwa akiwaza jambo ambalo hakuweza kumwambia mtu: kwamba mwanamume huyu yuko tayari kumwacha yeye, lakini hayuko tayari kumwacha baba yake.


Jumatano Nodar alikwenda darasa la lugha, kama kila Jumatano, kuanzia saa tatu hadi saa sita. Saa tatu na robo Veerle alimpigia jirani mwenye gari.

Alikuwa amepanga nguo za baba yake kwenye sanduku tangu alfajiri, kila moja imeshonwa namba kumi na tisa kwenye kola, kazi aliyowafanyia wazee wengine mamia. Odiel hakubisha. Alitaka kofia yake ya Jumapili, akaivaa, akauliza kama hali ya hewa kule Ufaransa, ambako njiwa wa mashindano huachiwa warudi kwao, ni nzuri na kama njiwa wataachiwa leo. Veerle alimwambia hali ya hewa ni nzuri. Garini mzee alikaa mbele, amechangamka, akimwelekeza jirani njia ya kwenda mahali pengine.

Chumba kilikuwa safi. Kilikuwa na dirisha linaloangalia maegesho. Veerle alimkalisha kwenye kiti, akatia sahihi karatasi sita, na aliporudi kumuaga alikuta ameshasinzia na kofia yake kichwani. Hakumwamsha. Baadaye alijiuliza mara nyingi kama alifanya vile kwa kumhurumia au kwa kuogopa.

Nyumbani alichukua bisibisi, akakifungua kile kitanda cha chuma vipandevipande, akavibeba mpaka kwenye banda la nyuma. Taulo akazipeleka kabatini. Pajama ya Nodar akaiweka chini ya mto, upande wa dirisha.

Nodar aliingia saa sita na nusu na mkate kwapani. Alipanda juu moja kwa moja, kama alivyozoea. Veerle alisikia nyayo zake zikifika chumba cha nyuma, zikasimama, zikaenda bafuni, zikarudi. Alishuka polepole.

"Baba yuko wapi?"

"Unajua yuko wapi."

"Ulimuuliza?"

"Ningemuuliza nini, Nodar? Angenielewa?"

"Mimi je? Uliniuliza?"

"Ungesema hapana."

"Ningesema hapana."

"Ndiyo maana sikukuuliza."

Aliuweka mkate mezani, kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba ungevunjika. Akatoka. Veerle alimwona dirishani akipita kwenye mvua bila kofia, akielekea kanisani, upande wa nyumba ya wazee. Alirudi usiku. Chakula hakula. Alipanda, akalala kwenye kitanda kikubwa kwa sababu hapakuwa na kingine, amegeukia dirisha.

Siku tisa hawakusemeshana, isipokuwa chumvi iko wapi na mlango umefungwa. Veerle alikuwa akilala pembeni yake kila usiku, jambo alilolitamani miezi mitano, akasikia jinsi anavyoshtuka saa tisa, anavyokaa kitako, anavyokumbuka, anavyolala tena.


Siku ya kumi Bwana Steyaert alikuja, safari hii saa kumi na mbili na nusu. Alifuta viatu mara mbili. Alipanda, akaona kitanda kimoja kimelaliwa pande zote mbili, mashuka yamekunjamana, miwani ya Veerle upande huu na saa ya Nodar upande ule. Bafuni miswaki ilikuwa miwili. Chumba cha nyuma kilikuwa na kiti na meza ya kupigia pasi.

Aliwakuta jikoni. Nodar alikuwa ameketi, na Veerle, hajui afanye nini na mikono yake, akauweka mmoja begani kwake. Nodar hakuutoa. Polisi akakubali kahawa.

"Hivi ndivyo," alisema, akiangalia huku na huku, amefurahi kwa niaba yao. "Sasa inaonekana nyumba ya mtu na mkewe. Na Odiel yuko wapi?"

Veerle alisikia bega la Nodar likikaza chini ya kiganja chake. Alijua kwamba sentensi moja tu ya Nodar ingetosha kuharibu kila kitu, na kwamba maneno yake Nodar anayo.

"Nyumba ya wazee," Nodar alisema. "Wanamwangalia vizuri."

"Vizuri sana," Bwana Steyaert alisema. "Mama yangu naye yuko pale, ghorofa ya pili." Alikoroga kahawa yake. "Mwanzoni inauma. Halafu mtu anazoea. Sijui ni nani anayezoea, wao au sisi." Akafungua daftari, akaandika mistari mitatu, akafunga.

Majibu yalikuja Januari. Mwendesha mashtaka hakuwa na pingamizi.

Siku ya kutia sahihi Bi. Lobelle alikuwa amevaa skafu nzuri. Aliwasomea maandishi, akalikosea jina la Nodar, akalirudia, akalikosea tena. Mwisho, kama sheria inavyotaka, akawauliza kama wanafanya hivi kwa hiari yao.

Veerle alisema ndiyo.

Nodar alikuwa ameshika kalamu. Aliitazama ile karatasi muda mrefu, na Bi. Lobelle, akidhani hakuelewa, akaanza kulirudia swali kwa sauti kubwa, neno moja moja, jinsi watu wanavyozungumza na viziwi. Chumba kizima kilisikia. Veerle hakumtazama. Alitazama meza, na alikuwa tayari kwa lolote. Alikuwa ameshaanza, moyoni, kuufunga mlango nyuma yake.

"Ndiyo," Nodar alisema, akatia sahihi.

Nje alimwambia kwamba anapitia kwa mzee kwanza, atakuja baadaye.


Ikawa hivyo kila siku. Manesi waligundua kwamba Odiel amefunga mdomo; wao wakimlisha anageuza uso, Nodar akimlisha anakula. Kwa hiyo Nodar alikuwa akifika saa sita kasoro, anamkatia nyama ndogondogo, anampangusa, wanakaa kimya mbele ya dirisha la maegesho mpaka mzee asinzie. Chumba cha kufulia kiko chini ya ardhi, dirisha lake liko usawa wa njia. Veerle akiwa kwenye mashine aliviona viatu vya Nodar vikipita kwenda, na saa saba na nusu vikipita kurudi. Havikusimama.

Nyumbani walianza kuzungumza tena, kidogo kidogo, kwanza juu ya mzee, kisha juu ya bomba linalovuja, kisha juu ya mambo mengine. Jumapili moja ya mwezi wa nne mikono yao ilikutana bila kupanga. Lakini Nodar hakurudi kuwa mtu anayecheka kwenye benchi, na Veerle hakumdai awe.

Kadi ya ukaazi ilifika mwezi wa saba. Ilimpa ruhusa ya kufanya kazi, na kazi ilikuwapo: mkandarasi mmoja alikuwa akimngoja tangu majira ya kuchipua, anamhitaji kuanzia Jumatatu, kila siku saa moja asubuhi hadi saa kumi jioni. Bila mshahara wa pili kadi isingeongezwa muda. Hilo waliambiwa siku waliyoichukua.

Jumapili jioni Veerle alipika viazi na maharage mabichi. Walikuwa wamekwenda kwa mzee pamoja, na Nodar alikuwa amemwonyesha nesi mmoja kijana, mara tatu, jinsi ya kushika kijiko: usikilete kutoka mbele, kilete kutoka pembeni, na mkono wa pili umshike. Nesi alijaribu. Odiel aligeuza uso.

"Nitamwomba mkuu anibadilishie saa ya chakula," Veerle alisema. "Nitakuwa napanda kumlisha mimi."

Nodar alisema ni vizuri.

"Atanikataa mwanzoni."

"Atakukataa," alisema. "Endelea tu."

Walikula. Mtaani watoto walikuwa bado wanacheza mpira, maana jua la mwezi wa saba halizami upesi. Veerle aliweka uma chini. Miezi sita alikuwa akilibeba lile swali kutoka chumba hadi chumba, na sasa lilimtoka kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeulizia chumvi.

"Umenisamehe?"

Nodar alitafuna akamaliza, akameza.

"Nilitia sahihi, Veerle," alisema.

Akamsogezea bakuli la viazi, naye Veerle akapokea, akajipakulia.